Kengele Ikilia Bure, Usiikate Ulimi

Ndugu msomaji, huenda unaye mwana, au ndugu, au jirani aliyevuka bahari akaenda kukaa Ulaya au Marekani. Wengine wamekwenda kusoma, wengine kufanya kazi, na wengine, kama jamaa wengi wa Kongo waliokaa miaka katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wamepelekwa huko kuanza maisha mapya. Wakipiga simu husimulia mambo mengi: baridi, theluji, bei za vitu, shule za watoto. Lakini lipo jambo moja dogo ambalo wengi hawalisimulii, maana hata wao waliona ni upuuzi mtupu. Nalo ni kile kisahani cheupe kilichobandikwa darini, kipigacho kelele.

Fikiri nyumba ya namna hiyo. Ni saa nane za usiku. Baba amerudi kazini amechoka, na saa kumi na moja yampasa aamke tena. Watoto wamelala. Mara huko darini, “Pii!” Kisha kimya. Baba ajigeuza ubavu. Baada ya dakika moja, “Pii!” tena. Mtoto mchanga aamka na kulia. Mama naye aamka. Baba ashuka kitandani, apanda juu ya kiti, akizungusha kisahani kile, akitoa betri yake, akitupa ndani ya kabati. Kimya. Nyumba nzima yarudi kulala usingizi mtamu.

Je, baba huyu amefanya vema au vibaya? Usimhukumu upesi. Mtu asiyelala hawezi kufanya kazi, na mtoto asiyelala hawezi kusoma. Usingizi ni kitu cha thamani, naye baba ameununua. Swali ni hili: ameununua kwa bei gani?

KISAHANI KILE NI NINI?

Kisahani kile ni kengele ya moshi. Kazi yake ni kunusa moshi wakati watu wamelala, na kuwaamsha. Wengi wetu twadhani kwamba moto ukiwaka ndani ya nyumba, harufu yake itatuamsha. Sivyo. Pua ya mtu aliyelala haiaminiki. Tena katika moshi mna hewa ya sumu ambayo humzidishia mtu usingizi, hata asiamke kabisa. Watu wengi wafao katika moto wa nyumba hawauawi na ndimi za moto, bali huzimwa pumzi na moshi kabla moto haujawafikia.

Chombo hiki kilianza kwa namna ya bahati. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mtaalamu mmoja wa Uswisi, Walter Jaeger, alikuwa akijaribu kutengeneza kifaa cha kugundua hewa ya sumu. Kifaa kikakataa. Yasimuliwa kwamba akawasha sigara kwa kukata tamaa, na mara akaona mshale wa kipimo chake unacheza. Kumbe kifaa kile hakikuweza kunusa sumu, lakini kiliweza kunusa moshi! Ilipita miaka mingi kabla kengele hizo hazijawa ndogo na rahisi. Katika miaka ya 1960, Mmarekani Duane Pearsall alisaidia kuanzisha kengele ya kutumia betri, ambayo mtu wa kawaida aweza kuinunua na kuibandika nyumbani kwake.

Siku hizi ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ina chembe ndogo sana ya madini yatoayo mnururisho, yaitwayo amerisi. Chembe hiyo huifanya hewa iliyo ndani ya kisahani ipitishe umeme kidogo. Moshi ukiingia, umeme ule hupungua, na kengele hulia. Aina ya pili ina taa ndogo ndani yake. Moshi ukiingia, mwanga wa taa hutawanyika na kuliangukia jicho la kifaa, na kengele hulia.

Aina ya kwanza huwahi zaidi kugundua moto wa ndimi, kama wa karatasi zinazowaka kwa haraka. Aina ya pili huwahi zaidi kugundua moto wa kufukuta, kama godoro au kochi linaloungua polepole kwa saa nyingi bila kutoa mwali. Hakuna moja ipitayo nyingine kwa kila jambo. Liweke neno hili moyoni, maana tutalirudia.

NYUMBA MBILI KATIKA JUMA MOJA

Sasa turudi kwa yule baba aliyetoa betri. Pengine wasema moyoni, “Nyumba ngapi zaungua? Yake haitaungua.” Basi sikia mambo yaliyotokea Marekani mwezi wa Januari, mwaka 2022, kwa siku nne tu kutoka moja hadi nyingine.

Siku ya tarehe 5, alfajiri, moto uliwaka katika nyumba moja ya mji wa Philadelphia. Mti wa Krismasi uliokuwa bado umesimama ndani ulishika moto. Walikufa watu 12 wa ukoo mmoja: kina mama watatu waliokuwa ndugu wa tumbo moja, pamoja na watoto tisa. Wachunguzi walipopekua nyumba ile walikuta kengele za moshi, si moja wala mbili, bali saba. Nne zilikuwa zimewekwa ndani ya droo. Mbili zilikuwa zimetolewa betri. Moja tu, ile ya chini kabisa ya nyumba, ndiyo iliyolia.

Siku ya tarehe 9, Jumapili, moto uliwaka katika jengo la ghorofa 19 huko Bronx, katika jiji la New York. Chanzo chake kilikuwa jiko la umeme la kupashia chumba joto. Wakazi wengi wa jengo lile walikuwa watu wa asili ya Gambia, Waafrika wenzetu waliokwenda kutafuta maisha. Moto wenyewe haukuenda mbali, lakini mlango wa nyumba iliyowaka, ambao ulipaswa kujifunga wenyewe, ulibaki wazi. Moshi ukapanda jengo zima. Walikufa watu 17, na kati yao watoto wanane. Wote waliuawa na moshi. Kengele za jengo lile zililia. Lakini wakazi walisimulia kwamba zilikuwa zimezoea kulia ovyo, siku nyingi, bila moto wowote, hata watu hawakuzijali tena. Wengine walitambua kwamba safari hii ni kweli walipouona moshi kwa macho yao.

Zitazame nyumba hizi mbili kwa makini, ndugu msomaji. Katika ya kwanza kengele zilinyamazishwa, zikakosa kulia. Katika ya pili kengele zililia, zikakosa kusikilizwa. Makosa yaonekana mawili, lakini mzizi ni mmoja. Kengele isumbuayo watu bure huishia ama kutolewa betri, ama kutolewa moyoni.

Wala si mambo ya nyumba mbili tu. Chama cha Marekani cha kujikinga na moto kimehesabu kwa miaka mingi, nacho chasema kwamba karibu vifo 3 katika kila 5 vya moto wa nyumbani hutokea katika nyumba zisizo na kengele ya moshi, au zenye kengele isiyofanya kazi. Na kengele isipofanya kazi, sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni betri: imetolewa, imelegezwa, au imekufa.

KWA NINI YALIA BURE?

Wote twaijua hadithi ya kijana mchunga kondoo aliyepiga yowe la uongo mara nyingi, na siku mnyama mkali alipokuja kweli watu wasitoke. Twapenda kumlaumu kijana. Lakini kumbuka kwamba kondoo waliliwa vile vile, nao walikuwa mali ya kijiji. Hasara haikumwangukia mwongo peke yake.

Tena kengele ya moshi si mwongo. Haisemi, “Nyumba yaungua.” Husema, “Nimeona kitu kama moshi.” Samaki akikaangwa, kweli pana moshi. Mvuke wa maji ya moto ukitoka bafuni, kwake hufanana na moshi. Hata vumbi likijaa ndani yake, au mdudu mdogo akiingia, yeye huona moshi. Amefanya kazi yake kwa kadiri ya akili aliyopewa.

Basi kwa nini mafundi wasimtengeneze awe mgumu zaidi wa kulia? Hapo ndipo penye fumbo. Kengele iliyo nyepesi itauwahi moto mapema, lakini italia na kwa samaki. Kengele iliyo nzito itamwachia mama akaange samaki kwa amani, lakini siku ya moto yaweza kuchelewa. Na kuchelewa siku hizi ni jambo baya. Makochi na magodoro ya leo yametengenezwa kwa vitu vyenye asili ya mafuta, nayo huwaka upesi kuliko yale ya pamba na mbao ya zamani. Watu waweza kuwa na dakika tatu tu, au chini yake, za kutoka salama. Huwezi kupata wepesi wote na utulivu wote kwa pamoja. Ukiongeza huku, wapunguza kule.

Wataalamu wametafuta njia ya katikati. Huko Marekani kanuni mpya za kupima kengele zataka kila kengele ijaribiwe kwa moshi wa nyama inayochomwa, isilie mapema, na papo hapo ijaribiwe kwa sponji inayoungua, isichelewe kulia. Ni hatua nzuri. Lakini nyumba nyingi bado zina kengele za zamani, na hata iliyo mpya huchakaa. Kwa hiyo kazi ya kuamua yamrudia mwenye nyumba.

NAMNA YA KUITIBU BILA KUIUA

Kwanza, mtu na ajue kengele yake yasema nini. Mlio mmoja mfupi, unaorudi kila baada ya dakika moja au upungufu, si habari ya moto. Kengele yalia njaa: betri yake yaisha, au yenyewe imezeeka. Mara nyingi mlio huu huanza usiku wa manane, kwa kuwa baridi ya usiku huipunguza nguvu betri iliyokwisha kuchoka. Dawa yake ni betri mpya, ambayo mtu mwenye busara huiweka nyumbani kabla haijahitajiwa, kama vile mama awekavyo kibiriti cha akiba. Bali mlio mkali wa mara tatu, kisha kimya kidogo, kisha mara tatu tena, huo ni wa moshi. Usipande kiti, kwanza tazama kama pana moto.

Pili, ikiwa yalia kwa ajili ya mapishi, usitoe betri. Kengele nyingi zina kitufe cha kuzinyamazisha kwa muda mfupi, kama dakika kumi hivi, kisha zaamka zenyewe. Tazama hekima yake: mtu husahau kurudisha betri, lakini kengele haisahau kuamka. Kitufe hicho nacho kina gharama yake, maana kwa dakika zile kengele haina wepesi wake wote. Basi asiyependa hasara abaki jikoni mpaka imalize kusinzia.

Tatu, kama kelele ni za kila siku, tatizo pengine ni mahali ilipowekwa. Yashauriwa iwe mbali na jiko kwa mita tatu au zaidi, wala isiwe mbele ya mlango wa bafu. Lakini hapa pia pana kupimiana. Ukiisogeza mbali mno ili usiisikie wakati wa mapishi, hutaisikia wakati wa moto. Haifai itoke karibu na vyumba vya kulala.

Nne, kubadili aina kwaweza kusaidia. Ile yenye taa ndani husumbuliwa na mapishi kidogo kuliko ile yenye amerisi. Karibu na jiko, basi, yenye taa hufaa zaidi. Katika Scotland, sheria iliyoanza Februari 2022 yataka kila nyumba iwe na kengele za moshi zilizounganishwa, na jikoni iwekwe kengele ya joto. Hiyo haijali moshi wa samaki, bali husubiri joto kali. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ni nzito kulia, nayo haifai kuwekwa chumbani mwa kulala badala ya kengele ya moshi.

Tano, vumbi. Kengele yaweza kusafishwa kwa nje kwa brashi laini au kwa mashine ya kuvuta vumbi. Isiloweshwe maji, wala isipakwe rangi wakati wa kupaka dari. Mtu akiifunika kwa mfuko ili isiingie vumbi la ujenzi, na aufungue mfuko ule jioni ile ile kabla ya kulala.

MAMBO ASIYOPASWA KUYATENGENEZA

Baba wa nyumba aliyezoea kujitengenezea mambo hupenda kufungua kila kitu kwa bisibisi. Ni sifa njema. Ndiyo iliyofanya baiskeli zetu ziishi miaka ishirini. Lakini kengele ya moshi si baiskeli. Ukiikosea baiskeli, utajua papo hapo, maana haitakwenda. Ukiikosea kengele ya moshi, haitakuambia. Itakaa darini imetulia, na kila mtu atadhani ni mlinzi, kumbe ni maiti ya mlinzi. Kitufe cha kujaribia chaweza kuonyesha kwamba sauti ipo. Lakini si uthibitisho kamili kwamba pua yake bado yanusa kama zamani.

Na katika ile yenye amerisi iko sababu ya pili. Chembe ile haimdhuru mtu ikiwa imefungwa mahali pake. Haifai kuichokoa, kuivunja, wala kuichoma moto. Kengele iliyokufa itupwe kwa kufuata maagizo ya mtengenezaji na ya mahali pale.

Kwa hiyo mwenye nyumba atie betri, asafishe kwa nje, asogeze. Zaidi ya hapo, asitengeneze, anunue nyingine. Tena kila kengele ya moshi ina umri wake. Ikifika miaka kumi tangu kutengenezwa, tarehe ambayo mara nyingi huandikwa mgongoni mwake, yapasa ibadilishwe hata kama bado yalia vizuri.

Ziko sasa kengele zenye betri ya miaka kumi iliyofungiwa ndani, isiyoweza kutolewa. California na New York ni kati ya majimbo ya Marekani yaliyotunga sheria za kuzipendelea. Faida yake yaonekana: yule baba wa saa nane za usiku hawezi kuitoa betri. Lakini zina hasara pia. Ikiharibika kabla ya wakati wake, hakuna cha kutengeneza. Ni kuinunua upya nzima. Na mtu mwenye hasira huing'oa yote na kuitia drooni. Hakuna kifaa kinachoweza kumlinda mtu asiyetaka kulindwa.

Katika nyumba nyingine kengele zimefungwa kwenye waya za umeme na kuunganishwa. Moja ikilia, zote hulia. Ni vizuri sana, maana moto wa ghorofani husikika chini. Ubaya wake, moja ikiwa mbovu, nyumba nzima huamka. Hapo mtu asizizime zote kwa sababu ya moja. Aitafute iliyoanza, mara nyingi taa yake ndogo huonyesha. Aitoe hiyo peke yake, nyingine ziendelee kukesha. Kabla ya kugusa waya, umeme na uzimwe kwenye swichi yake, na asiyejua kazi ya umeme amwite fundi. Mpangaji amwite mwenye nyumba, aombe kwa maandishi, aweke nakala.

Tena wazee wasipande viti. Mtu mzima wa miaka sabini akianguka kwa ajili ya betri, ameumizwa na kitu kilichowekwa kumlinda. Kijana wa jirani na aitwe.

Na ikiwa hapana budi kuitoa kengele usiku ule, iwekwe wapi? Si kabatini. Mtu aitie ndani ya kiatu chake cha kwendea kazini. Asubuhi hataweza kutoka bila kuikumbuka. Na usiku ule mlango wa kila chumba cha kulala ufungwe, maana mlango uliofungwa huzuia moshi kwa muda, na jiko lihakikishwe kwamba limezimwa.

HEWA ISIYO NA HARUFU

Iko kengele nyingine ifananayo na ile ya moshi, lakini kazi yake si hiyo. Ni kengele ya hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii hutoka katika moto wa mkaa, wa gesi, wa mafuta, na katika moshi wa injini. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, huishiwa nguvu, kisha hulala. Kengele ya moshi haiwezi kuigundua hewa hii, wala kengele ya hewa hii haiwezi kugundua moshi.

Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Kengele ya moshi ikilia, mtu hutazama huku na huku, asipoona moshi, husema, “Yalia bure.” Kengele ya hewa ya sumu ikilia, mtu hutazama asione kitu. Naam, hawezi kuona! Hivyo huiita mbovu, akaitoa betri, akarudi kulala. Macho yetu si shahidi katika kesi hii. Huko Marekani mlio wake ni wa mara nne nne. Ukilia hivyo, watu wote watoke nje kwenye hewa safi, ijapokuwa pana baridi, ndipo wawaite zimamoto. Wakija wakapima wasikute kitu, hasara ni nusu saa ya baridi. Hasara ya upande wa pili haina kipimo.

Nayo kengele hii huzeeka, yake baada ya miaka mitano hadi kumi kwa kadiri ya mtengenezaji. Ikizeeka hutoa ule mlio mmoja mfupi. Mlio mmoja, badilisha; milio minne, toka.

Mwezi wa Februari 2021, dhoruba ya baridi ilikata umeme katika jimbo la Texas. Watu waliingiza majiko ya mkaa ndani ya nyumba, wengine wakawasha jenereta au magari karibu na milango, ili wapate joto. Mamia walipelekwa hospitali kwa sumu ya hewa hii, na wengine walikufa. Walikuwa watu wa nchi tajiri, lakini mkaa haujui tajiri wala maskini.

NA SISI HUKU KIJIJINI?

Utasema, “Yote haya ni ya wenye dari. Mimi sina kisahani.” Ni kweli, nyumba zetu nyingi hazina. Lakini jiko la mkaa tunalo. Usiku wa mvua huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, na nyufa zikazibwa kwa matambara. Pengine ni kwa mapenzi kabisa, kumpasha joto mama aliyejifungua na mtoto wake. Nasi twadhani kwamba makaa yakiwa mekundu bila moshi hayana hatari. Kumbe hapo ndipo hewa ile hutoka kimya kimya. Wala hakuna kengele ya kutuamsha. Basi sisi tusio na mlinzi twapaswa kuwa waangalifu kuliko wao: jiko likae nje usiku, wala lisilale na watu.

Tena ile tabia ya kukata ulimi wa kengele twaijua sana. Umeme umefika vijiji vingi. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, fundi wa njiani huweka waya mnene, nasi twamsifu kwa kuwa haikatiki tena. Lakini fyuzi ilikuwa ikisema, “Waya zimezidiwa.” Fundi hakuondoa kuzidiwa, ameondoa msemaji. Mbwa akibweka usiku kucha, hupigwa hata akazoea kunyamaza. Na mwizi huja kwa raha. Mzee akionya kila mara juu ya mto uliofurika, vijana humcheka.

Wazee wetu walisema, “La mgambo likilia, kuna jambo.” Hawakusema kwamba jambo lazima liwe vita. Pengine ni mkutano tu, pengine ni ng'ombe aliyepotea. Lakini jambo lipo, na kazi ya msikiaji ni kulitafuta, si kulivunja baragumu.

Basi, ndugu msomaji, mwanao wa ng'ambo akipiga simu Jumapili, baada ya kusalimiana na kuuliza habari za wajukuu, muulize maswali matatu. Kile kisahani cha darini kipo mahali pake? Mwezi huu umekibonyeza ukasikia sauti yake? Na ile ya hewa ya sumu, unayo? Akikuambia, “Mama, niliitoa betri, ilikuwa ikitusumbua,” usimgombeze. Mwambie aiweke mpya siku hiyo hiyo, kabla jua la kwao halijazama. Na kama bado yasumbua, aisogeze mbali na jiko, au anunue nyingine. Kisha mpigie tena kesho yake, umwombe aibonyeze, nawe uisikie kwa masikio yako.